Swali la Kabula

Mpendwa dada Nkwimba,

Wameniita nifundishe walimu vijana namna ya kuandaa masomo ya uchunguzi kwa kutumia mtandao. Tangu juzi naanza maandalizi, nayaacha, nakaa, nainuka. Kila nikiandika hatua ya kwanza nakuona wewe pale Mhunze, Kishapu, mwishoni mwa miaka ya tisini, ukiandika ubaoni: “Kwa nini baadhi ya wachimbaji hutetemeka mikono?”

Lilikuwa swali la Kabula, mwanafunzi wetu wa kidato cha tatu. Baba yake alikuwa amerudi kutoka machimbo ya Geita akiwa hawezi hata kufunga vifungo vya shati. Ukoo ulikuwa na jibu tayari: amerogwa na mama yake mzazi, bibi mwenye macho mekundu. Mimi na wewe tulijua macho yale ni ya moshi wa kuni. Tulijua pia kwetu vikongwe wa namna hiyo hufanywa nini.

Mimi nilikuwa nimesoma kidogo habari za zebaki, ile wanayonasia dhahabu kisha wanaichoma na kuvuta moshi wake wenye sumu. Nikakuambia, “Dada, tuwaambie leo hii.” Ukatikisa kichwa. “Jibu la kupewa watanyang'anywa na mjomba wa kwanza watakayekutana naye. Walitafute wenyewe.”

Ukapanga kazi. Kundi moja lihoji wachimbaji waliorudi: nani anatetemeka, na kule alikuwa akifanya kazi gani? Kundi la Kabula ukalipeleka Shinyanga mjini kwa basi, dukani kwa Mama Zarina, kwenye kompyuta pekee tuliyoijua yenye mtandao. Mtu akiinua simu ya duka, mtandao unakatika, naye Mama Zarina anafoka, “Weka chini hiyo simu, watoto wanasoma!” Kwa kila ukurasa uliwataka waandike: nani kasema haya, na amejuaje? Wakarudi na karatasi zao, wakakitafsiri Kiingereza kile kigumu mstari kwa mstari, kamusi moja watu sita.

Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikaingia. Nilifundisha jiografia huku masikio yako nje, nikisikiliza kama kuna yowe.

Leo nikiri nilichokuficha. Nilimwita Kabula pembeni nikamwambia yote: ni zebaki, kamwambie baba yako. Akaniangalia. “Mwalimu, nimeshaona. Lakini nikisema sasa atasema mmenifundisha. Niache ningoje wenzangu wamalize orodha ya wachimbaji.”

Wiki hiyohiyo mtu aliacha panga mlangoni kwa bibi. Kufikia mchana bibi alikuwa kwenye basi, anakwenda kwa bintiye Buseresere.

Siku nne baadaye kazi ikakamilika. Kabula akamsomea baba yake mbele ya baba zake wadogo. Kurasa za mtandao walizicheka. Akaingia kwenye orodha ya wenzake: wanaochoma dhahabu wanatetemeka, wanaochimba tu hawatetemeki; Masanja naye, mchomaji, anatetemeka. Baba yake akamkatisha.

“Masanja? Huyo mama yake si alikufa yeye akiwa mchanga?”

Akawageukia wadogo zake.

“Sasa Masanja karogwa na mama yupi?”

Kesho yake huyo baba alimfuata mama yake Buseresere. Kabula alinisimulia: alipiga magoti, “Shikamoo, mayu.” Bibi akaitikia marahaba, akamkorogea uji, akamnywesha mwenyewe kama mtoto. Lakini kurudi Kishapu alikataa. Alizikwa hukohuko.

Wewe ulisema somo limefaulu. Nilikasirika. Uhamisho wako ulipokuja sikukuaga vizuri, na malaria ikakuchukua kabla sijapata ujasiri wa kukuandikia. Hadi leo sijui. Tungesema mapema, huenda wangetucheka na lile panga lingefanya kazi. Tulingoja, bibi akafia mbali na kwake. Nikilala upande huu nakupa haki wewe. Nikigeuka, najilaumu mimi.

Jana mwalimu mmoja kijana aliniuliza uchunguzi wa namna hii uchukue wiki ngapi. Nikamjibu, “Kwanza ujue ni nani anayelisubiri jibu.” Akaandika. Wewe usingeandika, dada, ungenibishia hapohapo, na natamani kweli ungekuwepo unibishie.

Pumzika. Mimi kesho naingia darasani.

Kaka yako wa chumba cha walimu