Ninafunga Kumshinda Jirani, na Maziwa Yananikauka

Mpendwa Mama Mshauri, nakuomba unisikie kama mama anavyomsikia binti yake, maana hili siwezi kulisema kwenye jumuiya yetu, watanicheka. Mimi ni Kavugho, Mama Bénit, tulitoka Butembo, sasa tunapanga chumba hapa Katwe, mume wangu Tresor anabeba mizigo sokoni Kikuubo, na mlango unaofuata anakaa Benedicte, muuza vitenge, dada mwenye sauti nzuri ambaye hajajaliwa mtoto, na tangu Jumatano ya Majivu huyo Benedicte anafunga kila siku mpaka jioni, hata chai hanywi, na Ijumaa kwenye Njia ya Msalaba ndiye anayeimbisha watu wote, na mume wangu akirudi anasema, "Aa, dada Benedicte! Yule anafunga kweli. Siyo watu wengine, kwaresima yao iko ndani ya sufuria." Alikuwa anatania, Mama, lakini utani ule ulinikaa kama mwiba wa samaki, haumezeki na hautoki.

Basi na mimi nikaanza kufunga, tena nisile kabla yake, yaani naweka sikio ukutani nisikie kama amewasha jiko, ndipo na mimi niwashe. Siku moja alichelewa kurudi na vitenge vyake, nikakaa na njaa mpaka nikaona kizunguzungu. Na ninanyonyesha, Mama, Bénit bado mdogo, hajaanza uji, sasa maziwa yamepungua, anavuta, anaachia, analia kutwa nzima, na mimi nalia naye, lakini nikifikiria kumeza kitu kabla ya Benedicte moyo unakataa.

Halafu Ijumaa iliyopita mchana akagonga mlango na sahani ya bugali na sombe ya majani ya muhogo. "Mama Bénit, mimi sili mchana, hii kula wewe. Leta mtoto nimshike." Nikamwambia nimeshiba, na tumbo likanguruma palepale mbele yake. Nilijua anataka Tresor asikie jinsi alivyo mtakatifu. Na jinsi anavyomwangalia mtoto wangu!

Nataka nifike Pasaka na moyo mweupe, na Tresor anisifu na mimi. Nifanyeje nifunge na maziwa yasikauke?

*Mama Bénit, Katwe*

Mama Mshauri anajibu redioni:

Mama Bénit, kabla sijasema lolote, inuka uwashe jiko. Pika uji mzito, unisikilize ukiwa unakunywa.

Nani alikudanganya, binti yangu? Kanisa halimdai mama anayenyonyesha kufunga. Muulize padri wako, atakuambia hivyo hivyo. Na Yesu usimsingizie, wewe unamfungia Benedicte! Tena aliyefunga kweli nyumbani kwako ni Bénit, na hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Uchungu wako nauelewa. Mke kusifiwa jirani mbele yake ni kuchomwa. Baba Bénit, kama uko hapo karibu na redio, huyo anayekula analisha watu wawili. Ukitoka Kikuubo pitia dagaa wa mukene na mboga, na huo utani wako ufunge mpaka Pasaka.

Sasa Benedicte. Umeandika kwamba hajajaliwa mtoto, ukapita mbio kama mtu anayeruka dimbwi. Rudi hapo. Wewe unaweka sikio ukutani usikie jiko lake. Na yeye, kwa ukuta huo huo, anasikia nini kutwa nzima? Anasikia mtoto analia. Mtoto ambaye yeye angetoa chochote kumpata, analia njaa, na mama yake anasema ameshiba. Ndiyo maana alileta sahani.

Kesho asubuhi mpeleke Bénit kliniki apimwe uzito, na usimfiche daktari kwamba ulikuwa hauli. Kula, kunywa maji, mnyonyeshe mara kwa mara. Halafu Ijumaa gonga mlango wa Benedicte, umwambie, "Dada, siku ile nilikudanganya, nilikuwa na njaa." Mpe mtoto amshike. Kaa hapo hapo, ule sahani atakayokupakulia mpaka iishe, na yeye anakutazama.

Utaona ni vigumu kuliko njaa. Hiyo ndiyo kwaresima yako.