Mtungi wa Nyanya Chini ya Taa

Kavimvira, Uvira
tarehe 12 Juni 2024

Mpendwa yaya Marie-Rose, dada yangu mkubwa,

Ninakutangazia rasmi, na kama umekaa, simama: huku kwetu mwiko wa bugali umepandishwa cheo. Umewekwa juu ya meza nyeupe, unamulikwa na taa, na hauguswi tena na muntu yeyote.

Lakini salamu kwanza, nisionekane nimelelewa sokoni. Habari za Lubumbashi? Mgongo umekuachia kidogo? Sisi tuko wazima. Mama anasikia vizuri akitaka. Délice wako, bibi arusi wetu, anakonda kwa kungoja siku ya mahari. Mke wangu Bernardine anakusalimu. Mvua zimeisha, vumbi limeshika zamu.

Sasa huo mwiko. Maneno, mtoto wa yule muuza vitenge, amefungua duka la vitu vya zamani karibu na mpaka. Ungo umetundikwa ukutani kama picha ya askofu. Kinu kimoja kimepewa chumba kizima. Wateja wananong'ona. Yaya, duka la Kavimvira lisilo na kelele minye siliamini. Hapa hata anayeficha kitu hupiga kelele. Nikawaza anapitisha dhahabu ndani ya vinu, nikaingia kuchungulia.

Dhahabu sikuiona. Niliuona mtungi wa nyanya yetu.

Ndiyo, ule ule ulioniachia niutunze, ambao wakwe wa Lemera watauzunguka na mirija yao wanywe impeke, pombe yetu ya mtama, pamoja nasi. Shingoni iko ile alama uliyochora na msumari, ukapigwa. Kikaratasi kimeandikwa: «Chombo cha maridhiano, Bonde la Ruzizi.» Nikanyoosha mkono.

«Baba, hauguswi,» Maneno akasema.

«Minye nimekunywa ndani yake!»

«Basi na weye uko historia. Lakini usiguse.»

Nikamuuliza nani alimpa. Akajibu kwamba wenye vitu hawatajwi. Umesikia maneno ya Maneno?

Tangu hapo ninachunguza. Ufunguo wa pili wa stoo ulimokaa mtungi anao Niyongabo, mtoto wa baba mdogo, na siku hizi ana viatu vipya vinavyolia kabla yeye hajafika. Baada ya misa nikamuuliza mbele ya watu kama mitungi inamlipa vizuri. Akasema mahari ya Délice tutakula bila yeye. Mwizi ndivyo anavyojibu.

Nikarudi nyumbani na hasira, nikachota maji katika ndoo mpya ya jikoni, nikamuuliza Mama. Akaendelea kuchambua maharagwe. Mama akinyamaza hivyo, kuna mtu anamlinda.

Hata weye nilikushuku, yaya. Kwa nini uliuliza mara mbili kama mtungi uko salama?

Wakwe wanafika Jumamosi. Bila mtungi tutawapa pombe ndani ya bidon, na mtoto wetu ataombwa kama petroli. Kesho ninakwenda kwa Maneno na wanaume wawili, tuutoe chini ya taa yake, apende asipende.

Nisalimie shemeji Herménégilde na jirani yenu mama Safi. Mungu akulinde na watu wa nyumbani, kwa maana wa nje tunawajua.

Ndugu yako akupendaye bila kukushuku tena,
Ciza

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Mama ameniomba nimsomee. Amesema ni yeye mwenyewe aliyempa Maneno mtungi, na Maneno akampa ile ndoo mpya. Mtungi ulikuwa unavuja.