Mguu wa Abdi

Jumapili jioni, Garissa, 1966

Na mimi nikanyamaza kama wengine.

Leo tumecheza na timu ya askari wa kambini, na refa ni sajenti wao. Winga wao aliguswa bega kidogo tu, akajitupa chini akigaagaa huku ameshika goti. Goti! Filimbi ikalia, penalti, bao. Papo hapo akawa anakimbia kama swala.

Baadaye beki wao alimkanyaga mdogo wangu Abdi kwenye muundi mpaka soksi ikalowa damu. Refa akamwambia, "Inuka, acha kujifanya."

Nani angebisha? Tukipaza sauti watu kumi tu, sisi ni shifta, waasi wa Kisomali.

Abdi akainuka, akacheza mpaka mwisho.

Nyumbani nimemwambia twende hospitali. Amekataa. "Walaal, ndugu yangu, Msomali akichechemea mji huu, ataulizwa risasi ilimpata wapi."

Nimemfunga mguu kwa kipande cha shuka la mama.

Kesho asubuhi lazima apite kwenye kizuizi cha askari akienda kazini. Sasa yuko uani, anakwenda na kurudi, anajifunza kutembea kama mtu asiyeumia.