Sindano Iliyozibua Gumegume

Mke mwenzangu Salma,

Marahaba, mjukuu wangu. Babu yako hajambo, anamenya nanasi la Kiwangwa huku akiniimbia.

Umeniuliza kama niliozeshwa au nilimpenda mwenyewe. Kwetu bibi harusi hatolewi ndani mpaka bunduki ya bwana harusi ilie. Siku ile, gumegume la babu yako, bunduki ya kizamani ya kushindilia baruti, liliwaka baruti ya nje tu, ya ndani kimya. Wajomba zangu wakaangua kicheko: "Rudini kesho!"

Baba yangu alikuwa nalo kama hilo, nikajua tundu la kupitishia moto ndani limeziba kwa masizi. Nikachomoa sindano kwenye kofia niliyokuwa namshonea babu yako, nikampa shangazi. "Mpelekee azibue, upesi!"

Likalia, kuku wakatawanyika.

Aliyelazimishwa hutoa sindano yake? Na babu yako hajanirudishia mpaka leo; kaichomeka kwenye mkanda wa gumegume lile lile.

Bibi yako, Bagamoyo