Mgeni wa Besiboli na Mama Yangu

Jumapili usiku, Kyela

Wiki nzima nilihofia kumtafsiria huyu mzee wa Jamhuri ya Dominika aliyekuja na wageni wa kanisa, mmoja wa watu wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini kucheza besiboli katika ligi kubwa ya Marekani. Niliogopa Kiingereza changu cha lafudhi ya Kinyakyusa kitanitia aibu mbele ya wanafunzi wangu.

Kumbe naye Kiingereza alikipata ukubwani.

"Nilipiga mpira kwa gongo mpaka ukatoka nje ya uwanja," alisema, "lakini kesho yake magazeti yalicheka matamshi yangu."

Nilitafsiri neno kwa neno.

Kisha akaeleza safari za timu. Wenzake Wazungu waliingia mgahawani kula, yeye akabaki kwenye basi kwa sababu ya rangi yake. Hapo Kiingereza kikamwishia, akaendelea kwa Kihispania. Sikujua hata neno moja. Nilisimama tu na maikrofoni mbele ya kanisa zima.

Mama yangu, ambaye hata Kiswahili kinampa shida, akaenda mbele akamshika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, tata," akamshukuru. Mzee akajibu kwa Kihispania, mama akaendelea kwa Kinyakyusa, na mimi mkalimani nikawa sina kazi.

Nyumbani nilimuuliza mama: yule mzee alisema nini?

"Kwamba chakula walichomletea kwenye basi kilikuwa kimepoa."

Sijui kama ndivyo. Ila nimeshindwa kabisa kufikiri kwamba alisema kitu kingine.