Usifungue Bahasha Kwanza

Nyumbani,
Jumatano asubuhi.

Mwanangu mpenzi,

Kabla ya yote, hiyo bahasha ya kaki uliyopewa pamoja na barua hii usiifungue. Iweke chini, ukae, unisome mpaka mwisho. Najua wewe ni mtu wa kurukia mambo, tangu mdogo ulikuwa unakula huku umesimama, lakini leo nisikilize mimi mama yako. Bahasha haina miguu.

Sasa salamu. Hujambo mama? Vipi hali ya hapo chuoni kwenye hayo mafunzo ya mwisho ya ualimu, mnalala vizuri, maji ya kuoga yana moto au mnajikaza tu? Kifua kimeacha kukubana? Uliponipigia Jumapili sauti yako ilikuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya ndoo, nikajua unakohoa huku umeficha simu nisisikie. Mimi ni mzima, ila goti la kulia, lile la kukanyagia cherehani, linalia kama bawaba. Mjomba wako naye mzima, anakusalimu kwa namna yake, nitamrudia. Muuguzi, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, ndiye anayekuletea mzigo huu. Mpe kiti na kitu cha kunywa, usimwache mlangoni kama msoma mita.

Ulisema kwenye simu kwamba Ijumaa utasimama mbele ya jopo la leseni, na ndiyo mwisho wao wa kupokea zile karatasi thelathini zenye sahihi ya mwalimu wako mlezi, moja kwa kila somo alilokaa nyuma ya darasa kukutazama. Ukasema bila hizo hakuna leseni, na bila leseni muhula ujao hushiki chaki. Ukasema ziko chini ya kabati, nizitume tu, kwani ni kazi gani hiyo. Nikakujibu haya mwanangu, nitatuma. Simu ilipokatika nilibaki nimekaa kitandani nimeishika kama mtu aliyeshika kuku aliyekufa, hajui amtupe wapi.

Tangu hapo sijatulia. Jana nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia, nikaufumua, nikaushona tena palepale. Mteja mwenyewe amesimama ananitazama, akaniuliza kama naumwa. Nimechemsha chai mara mbili na mara zote mbili nimeikuta imepoa.

Jumatatu mjomba wako alikuja, akajitupa kwenye kiti cha wateja kama kawaida yake. Akauliza yule mwalimu wa mlango wa uani amefikia wapi. Unamjua, tangu uache ufundi umeme hajabadilisha wimbo. Ati mwalimu anapikwa chuoni miaka mitatu mpaka anaiva, siyo mtu anashuka kwenye nguzo na koleo mfukoni anaingia darasani. Ati watoto wa watu watahitimu wanajua kubadilisha balbu tu. Nikamweleza kwa mara ya mia kwamba njia hii siyo ya kujipenyeza, imewekwa na serikali yenyewe kwa watu wenye fani zao: unaingia darasani ukiwa na cheti chako cha ufundi, unafundisha miaka miwili chini ya mwalimu mlezi, Jumamosi zote unasomea ualimu wakati wenzako wanafua, halafu ndiyo masomo thelathini ya kutazamwa, halafu ndiyo jopo. Nikamwambia huo mlango wa uani anaoucheka una makufuli matatu. Akacheka, akasema basi tungoje tuone kama mtoto ana funguo.

Siku nyingine ningemfukuza na rula ya kukatia. Siku ile sikuigusa rula. Nikaingia ndani nikajifanya natafuta vifungo.

Nimeinuka kidogo kutazama pasi. Imezimwa. Nilishaizima.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Wewe unajua kwamba niliacha shule darasa la nne ili nilee wadogo zangu. Ndivyo nilivyowaambia nyote, na si uongo mtupu, wadogo niliwalea kweli. Lakini kilichonitoa shule ni daftari la hesabu. Lilirudi siku moja jekundu toka juu mpaka chini, kila ukurasa. Babu yako hakujua kusoma. Akaligeuza huku na huku, akauliza huu wekundu wote ni wa nini. Dada yangu akamjibu kwamba ni makosa. Babu yako akalifunga taratibu, akasema mtoto aliyekosa kiasi hiki hata mwalimu wake ameshachoka naye, basi akae nyumbani apumzike. Hakunigombeza. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayenihurumia, na mimi nikaamini. Kesho yake nikakaa nyumbani na sikurudi tena.

Uliwahi kuniuliza kwa nini kwenye kitambaa nachora kwa chaki nyeupe au ya bluu na kamwe siyo nyekundu. Nikakwambia nyekundu haitoki. Inatoka vizuri tu, mwanangu.

Sasa vuta pumzi. Wiki ya pili baada ya wewe kuondoka nilikuwa nasafisha chini ya kabati, nikaikuta bahasha yako. Sikuwa napekua, nilitaka kuifuta vumbi, karatasi zikateleza sakafuni. Ya kwanza nyekundu. Ya pili nyekundu, pembeni mishale, katikati mistari, chini maneno yamebanana. Nikazipitia zote thelathini nikiwa nimesimama na ufagio kwapani, hakuna hata moja iliyosalimika. Sikusoma neno, nakuapia. Macho yaliona rangi tu, moyo ukajisomea wenyewe yaliyobaki. Nikasema mwanangu amefeli, tangu somo la kwanza hadi la thelathini, na ananificha. Nikakumbuka ulivyokuwa kimya siku ya kufunga begi. Kumbe ulikuwa na mafua.

Nikawaza mjomba wako akiziona itakuwaje. Nikawaza na wewe utakavyorudi uzikute zinakungoja pale pale. Nikataka kuzichoma. Lakini unaijua ile karatasi, nzito, pana, haikunjiki ovyo. Mimi fundi, nitachomaje karatasi kama ile? Nikazikata pateni za kola, vile violezo vya kukatia kitambaa, kwa ajili ya sare za muhula ujao.

Nimekata kumi na saba, mwanangu. Kwa ule mkasi wangu mkubwa.

Umesimama, nakujua. Kaa. Bahasha bado usiifungue, sijamaliza.

Uliponipigia Jumapili ukasema zile karatasi ndizo leseni yenyewe, ndipo nilipojua nimefanya nini. Jumatatu tangu kumekucha nilikuwa sakafuni nakusanya vipande. Mjomba wako alipokuja kutamba alikuwa amekalia kola tatu zako bila kujua, nilizifunika kwa kitambaa nilipomsikia anakohoa mlangoni. Kipande kimoja nilikuwa nimempa yule fundi wa suti wa jirani. Nikamkuta amekikunja mara nne akakiweka chini ya mguu wa meza yake inayocheza. Nikakichomoa meza ikiwa na cherehani juu, akaniuliza kama nimepagawa, nikamwambia ndiyo.

Ili kujua kipande hiki kinaungana na kipi, ilibidi nisome. Hakukuwa na njia nyingine. Nikasoma kila kipande, neno kwa neno, kidole chini ya mstari kama zamani. Siku nzima. Na ndipo nilipokutana na wewe huko ndani. Somo la tatu, mwalimu mlezi ameandika kwa nyekundu kwamba unaongea haraka, ungoje mtoto afikiri. Nikacheka peke yangu, nikasema anakujua huyu. Somo la tisa ameandika kwamba umeungoja mkono wa mtoto wa nyuma ambaye hajawahi kunyoosha, ukangoja darasa zima likiwa kimya, na akajibu. Kumbe watoto wote wanakuita Mwalimu Fyuzi, hukuniambia! Somo la kumi na nne kuna kosa kweli, ulikosea kugawanya ubaoni na mtoto akakusahihisha, na mwalimu mlezi akaandika kwa nyekundu hiyohiyo: amemshukuru mtoto, darasa limeona mwalimu anakosea na dunia haijaanguka. Kipande hicho nilikisoma mara tatu.

Halafu somo la ishirini na mbili, la mzingo. Uliingia na futi yangu ya kupimia, ile iliyopotea nikamshuku mwanafunzi wangu wa ushonaji bure. Ukawafanya wapimane viuno na shingo na ndoo ya darasa. Kwenye sehemu ya kuandika ulikopata mfano, umeandika kwamba umejifunza kwa mama yako, ambaye hakosei kipimo. Mama ambaye hakosei kipimo! Na karatasi hiyo ndiyo niliyoikata vibaya kuliko zote. Ule mkato wa shingo umepita juu ya sahihi, na kijipande chake nilikifagia siku ileile. Nimetafuta mpaka kwenye jalala. Hakuna.

Hapa nitakwambia na la mwisho, kwa sababu nikilificha halafu ulijue kwa mtu mwingine, sitaweza kukutazama. Nilitoka nikanunua kalamu nyekundu. Ya kwanza kuishika maishani mwangu. Nikaitazama sahihi ya mwalimu mlezi kwenye karatasi zingine, nikajaribu kuiga kwenye gazeti, mara ishirini, mara thelathini. Mkono huu umeiga mishono ya watu wote mjini, na mwishoni uliipata, mwanangu. Ilifanana kabisa. Nikavuta karatasi yako ya ishirini na mbili, nikaona umeandika hakosei kipimo, nikafunika kalamu.

Jana Jumanne nikaenda shuleni kwako. Nilisubiri nje ya ofisi ya walimu kama mtoto aliyefukuzwa. Mwalimu mlezi alinikaribisha, akiwa na miwani moja machoni na nyingine kichwani kama unavyomsimulia. Nikamwaga vipande mezani pake, nikamweleza yote, hata daftari la darasa la nne, hata ile sahihi ya kuiga. Kwanza alicheka mpaka akavua miwani ya machoni akavaa ya kichwani. Kisha akaacha kucheka. Akasema amefundisha miaka ishirini na nane na hajawahi kujiuliza daftari likifika nyumbani linasomwa na nani. Akasema anatumia nyekundu kwa sababu ndiyo inayojaa kwenye droo ya ofisi, hakuna sababu nyingine.

Nikamwomba aandike upya somo la ishirini na mbili, aweke tarehe ileile, kwani si alikuwepo na aliona kwa macho yake? Akakataa. Alinishika mkono akakataa. Akasema tarehe ya zamani kwenye wino mpya ni uongo hata kama somo lilikuwa la kweli, na wewe hukupita njia ndefu hii ili uje kuingia kwa karatasi ya uongo mwishoni. Badala yake ameandika barua kwa jopo, ameeleza yaliyotokea bila kupunguza, ameweka sahihi na muhuri. Imo ndani ya bahasha, juu kabisa.

Amesema nisikudanganye: jopo linaweza kuipokea, na linaweza kuikataa. Likikataa, utarudia somo hilo moja mbele ya mtazamaji na leseni itangoja jopo lijalo. Nusu mwaka. Nusu mwaka mwingine bila darasa, kwa mkasi wangu. Ndiyo maana situlii. Wakikuuliza ni nani kakata, usinifunike. Sema ni mama yangu. Wakitaka kuniona nitakuja kwa basi la kwanza, na goti hili hili.

Sasa unaweza kufungua. Usishtuke ukizigusa. Zile kumi na saba nimezigandisha kwa pasi juu ya kile kitambaa kigumu cha kola, kisha nikazipitisha kwenye cherehani pembeni, mshono mrefu ili sindano isichane. Mbele zinasomeka zote. Ya tisa ina alama ya pasi, ndiyo niliyoanza nayo, niliiacha ikapata moto sana. Ya ishirini na mbili ina tundu mahali pa sahihi, na hilo tundu sikuliziba. Nimelizungushia mshono tu lisiendelee kuchanika.

Wanakusalimu wote. Fundi wa suti anasema umrudishie mguu wa meza. Mjomba wako jana alipita tena, nikamweka chini nikamsomea somo la kumi na nne lote kwa sauti. Alipoondoka aliuliza jopo linakaa saa ngapi Ijumaa. Kunywa maji ya moto kwa kile kifua, vaa sweta, na ukifika mbele yao ongea polepole, ungoje, kama ulivyoandikiwa.

Chini kabisa ya bahasha utaikuta kalamu yangu nyekundu. Sitaki ibaki kwangu bila kazi nzuri. Ukipata nafasi, barua hii niliyoiandika kwa mkono wangu isahihishe kwayo, kila nilipokosea, mpaka pembeni, usinihurumie. Halafu nirudishie, nami nitaisoma yote.

Ni mimi mama yako mzazi,
fundi cherehani.