Jina Wanaloandika Wanaotafuta Gari la Kamituga

Jumanne, mvua tangu alfajiri. Bukavu yote inateremka na matope kuelekea ziwani, na mimi siwezi kutulia kwenye kiti. Nimefungua kompyuta, nimeifunga, nimechemsha chai nikaisahau jikoni.

Nianze na aibu yangu. Sisi tunabeba koli, yaani vifurushi, na abiria kutoka hapa mpaka mji wa Kamituga, kwa gari moja la jeep la baba yangu. Nilipotengeneza tovuti yetu mwaka jana, nilijiona mjanja. Nilijua kwamba mtu akitafuta habari za Kamituga kwenye simu, anataka kwanza kujua njia ikoje. Basi nikaujaza ukurasa maneno hayo: njia ya Kamituga leo, matope Kamituga, njia imekatika. Watu wakaja kama siafu.

Hakuna hata mmoja aliyeleta koli.

Waliuliza kama lori limekwama, kama daraja linapitika, wakashukuru, wakaenda zao. Nikawa redio ya barabara. Nikabadilisha, nikaweka maneno ya mtu ambaye tayari ana mzigo mkononi: kutuma koli Kamituga, transport Bukavu Kamituga. Hawa walikuwa wachache lakini walipiga simu. Na wote waliuliza swali moja: nani anabeba? Nikijibu kwamba ni Bahati, dereva wetu mpya, wanasema watanipigia tena. Mpaka leo nangoja.

Lazima nieleze kwa nini Bahati. Papa, baba yangu, ameendesha kwenye njia ile tangu sijazaliwa. Watu wanamwita Papa Malembe, yaani polepole, maana hakimbizi gari na hajawahi kupoteza hata bahasha. Lakini mgongo umekwisha. Anashuka garini kinyumenyume, kama mtu anayeshuka ngazi, na daktari amemwambia wazi kwamba safari chache zaidi zitamlaza moja kwa moja. Tovuti niliitengeneza kwa ajili hiyo: wateja waje kwa agence, ofisi yetu ya usafiri, wasije kwa Papa, ili yeye apumzike. Jina lake nililificha makusudi. Lilibaki mahali pamoja tu, chini kabisa, kwenye sentensi inayosema nani alianzisha kazi hii.

Asubuhi hii nimeangalia maneno ambayo watu waliandika kabla ya kufika kwetu. Papa Malembe Kamituga. Namba ya Papa Malembe. Papa Malembe anatoka siku gani. Nikachukua daftari la koli, maana kila mteja huwa namuuliza ametupata vipi na kuandika kando ya jina lake. Karibu wote walioleta mzigo walikuwa wakimtafuta yeye.

Neno linaloleta wateja ninalo nyumbani, limelala kwenye mkeka na mkanda wa mgongo. Nikiliweka juu ya ukurasa, ninamrudisha barabarani kwa mkono wangu mwenyewe. Nisipoliweka, gari litakaa bure, na siku moja Papa atachukua ufunguo bila kuniuliza. Namjua.

Nikiwa bado nazunguka na hilo, akaingia Maman Faida, muuza vitenge wa soko la Kadutu. Alikuwa na bahasha iliyofungwa kwa plastiki: diplome, cheti cha masomo cha mwanawe, ambaye anaihitaji Kamituga ili aanze kufundisha. Bahati alinyoosha mkono. Yule mama akaikumbatia bahasha.

"Mutoto yangu, sina shida na chauffeur yenu," aliniambia. "Lakini diplome iko moja tu. Papa iko wapi?"

Ofisi yetu ni chumba cha mbele cha nyumba, kwa hiyo Papa alisikia. Akaja na kandambili, ameshika ukuta. Nilifikiri ataomba ufunguo. Badala yake aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akasoma jina la kijana kwa sauti, kisha akamwita Bahati asimame mbele ya yule mama.

"Maman, ni mi ndiyo nimepokea. Huyu ndiyo mukono yangu. Kama diplome inapotea, ukuje kwangu."

Maman Faida alimtazama Bahati kuanzia viatu. Akamuuliza ni mwana wa nani, wa wapi. Bahati akasema ni wa kijiji cha Miti, akamtaja baba yake. Ndipo yule mama akakubali aichukue.

Gari liliondoka saa tano. Papa alisimama mlangoni, mvua inamrukia miguuni, akaliangalia mpaka likakata kona. Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Kazi yake ilikuwa inaondoka bila yeye, na mimi ndiye niliyeitafutia dereva.

Mchana huu nimefuta maneno ya njia na matope yaliyokuwa yamebaki kwenye ukurasa. Juu kabisa nimeandika: Papa Malembe, koli za Kamituga. Anapokea mwenyewe, anachagua mwenyewe anayebeba. Nimemsomea. Amesema niweke, kisha akaniuliza kama ni kweli watu wanaandika jina lake kwenye simu. Nilimwonyesha. Aliyasoma maneno yale mara mbili, midomo ikitembea, akarudi chumbani bila kushika ukuta.

Sasa hivi umeingia ujumbe wa mtu nisiyemjua: Papa Malembe anatoka lini?

Ningeweza kujibu Alhamisi. Si uongo, gari linatoka tena Alhamisi. Vidole viliandika hivyo, nikafuta. Nimejibu: Papa haendeshi tena. Lete koli, atakupokea yeye.

Amesoma. Hajajibu.

Naamka, nakaa, naamka tena. Naogopa nimemfukuza mteja. Naogopa zaidi kwamba nimemwandikia mtu nisiyemjua sentensi ambayo humu ndani hakuna aliyethubutu kuitamka. Daktari aliisema, sisi tukaizunguka miezi yote hii.

Papa anaita kutoka chumbani. Anataka kujua huyo mtu nimemjibu nini.

Nimeshika simu. Ninakwenda kumsomea.